Fito Ndefu za Mabenchi Yetu

Katika kurasa zilizotangulia, msomaji amesoma habari za wachungaji, wainjilisti na wazee waliolilea kanisa hili. Sura hii fupi inahusu kitu ambacho kila msharika amekikalia, lakini wachache wamekitazama kwa chini, yaani mabenchi yetu ya zamani. Chini ya kila benchi umepita ufito mmoja wa mviringo, wa mbao ngumu, wenye urefu wa futi 7 na unene wa inchi moja na robo. Ufito huo hupenya katika miguu yote mitatu, na ncha zake zimekazwa kwa kabari. Ndio unaoizuia miguu isitanuke watu wanapoketi na kuinuka. Hakuna msumari hata mmoja.

Sababu yake ni ya kihistoria. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, lakini reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911 tu. Kabla ya hapo, mizigo ilipandishwa huku kwa vichwa vya wapagazi, na chuma ni mzigo mzito. Mbao, kwa upande wake, zilikuwa karibu. Fundi aliyejua kuunga mbao kwa mbao hakulazimika kungoja msumari kutoka pwani. Hata reli ilipofika, mafundi wetu hawakuiacha njia hiyo, kwa kuwa walikwisha kuiona uimara wake.

Wakati wa maandalizi ya jubilei hii ilionekana kwamba fito kadhaa zimepasuka na nyingine zimeliwa na wadudu. Palikuwa na maoni mawili. Wengine walitaka mabenchi yauzwe, vinunuliwe viti vya plastiki. Wengine walisema si haki kuuza kazi ya mikono ya babu zetu kwa kukosa kijiti. Baraza la wazee liliamua mabenchi yakarabatiwe, na fedha za mnada wa mazao zikatengwa kwa kazi hiyo.

Yafaa iandikwe wazi kwamba tulianza kwa kukosea. Fito zilizopatikana madukani zilikuwa za mipini ya kudekia, za mbao laini, na ndefu kuliko zote ilikuwa na futi 4. Tuliziunga mbili mbili kwenye mguu wa kati. Haikupita miezi miwili, tatu zikavunjika, moja wakati wa ibada. Tukaenda kwa wenye kerezo. Mashine yao haikuweza kushika mti wa futi 7, na mti mwembamba wa urefu huo, ukizungushwa, hutikisika katikati na kukatika. Fedha za washarika zikawa zimepotea, na waliotaka viti vya plastiki wakapata nguvu ya kusema.

Ndipo mzee mmoja wa usharika, seremala aliyestaafu, alipoleta bamba la chuma lenye matundu, alilorithi kwa aliyemfundisha kazi. Alitueleza kwamba kosa letu halikuwa urefu wa fito, bali namna zilivyopatikana. Msumeno hukata kwa mstari wake, wala haujali nyuzi za mti zinaelekea wapi. Nyuzi zikitokea ubavuni mwa ufito, hapo ndipo utakapovunjika. Ufito mrefu sharti upasuliwe kwa kabari na rungu, ili nyuzi zitembee kutoka ncha hadi ncha.

Msitu wa mlima haukatwi tena, nao uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Kwa hiyo ulinunuliwa mninga kutoka magharibi mwa nchi, mti ambao ukikauka haujikunji wala kusinyaa sana. Mzee alikataa mbao nyingi kuliko alizozikubali, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa na mawimbi. Vipande vilivyopasuka sawasawa viliwekwa darini juu ya jiko hadi vikauke kuliko miguu ya benchi. Ufito mbichi ukitiwa tunduni husinyaa baadaye, na kiungo hulegea.

Kisha kila kipande kilipigwa randa kikawa cha pande nne. Ili kupata pande nane zilizo sawa, upana wa kila upande hugawanywa sehemu 24, na mistari huchorwa kwenye sehemu ya 7 na ya 17. Kona huondolewa mpaka mistari hiyo. Baada ya pande nane huja pande kumi na sita, na mwisho mviringo, kwa kukwangua na kigae cha kioo na kusugua kwa msasa. Vijiti vifupi hupigwa nyundo vikapita katika tundu la bamba. Ufito mrefu haupigwi hivyo, maana utapinda na kuvunjika. Bamba huvishwa tu na kusogezwa taratibu, na palipokwama hukwanguliwa tena. Ncha hupasuliwa kidogo na kutiwa kabari iliyokingama na nyuzi za mguu, ili mguu wenyewe usipasuke.

Mzee alitengeneza fito mbili za kwanza. Zilizobaki zilitengenezwa na vijana watatu wa usharika mbele ya macho yake, na mabenchi yote yamerudi mahali pake. Bamba limekabidhiwa kwa ofisi ya usharika pamoja na ufito mmoja wa akiba. Tunawaomba watakaotutangulia katika uongozi wa miaka ijayo wakague kabari kila kiangazi, na iliyolegea waigonge kidogo. Wasingoje mpaka benchi lianze kulia.