Busia gani? Miji ya jina moja na mpaka ulioizaa

"Busia gani?"

Aliyeuliza ni karani wa ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu kwenda kuomba kitambulisho. Kijana alikuwa amejaza fomu yake kwa uangalifu, na palipotakiwa mahali pa kuzaliwa aliandika neno moja tu: BUSIA. Karani alilisoma, akainua macho, kisha akarudia swali polepole kama anayemsemesha mgeni. "Nimeuliza, Busia gani? Ya hapa ama ya ng'ambo?"

Mpwa wangu alizaliwa Busia ya Kenya. Huko ndiko dada yangu alikoolewa, na shemeji yangu ni Msamia wa huko huko. Lakini darasa la kwanza hadi la tatu kijana alisomea ng'ambo, alikokuwa akilelewa na shangazi yake aliyeolewa Busia ya Uganda. Karatasi zake za shule za miaka hiyo zina mhuri wa Uganda. Mambo yakaharibikia hapo. Tuliambiwa tulete barua ya chifu, kitambulisho cha baba na cha babu, ndipo turudi. Kurudi tulirudi, tena si mara moja.

Wakati huo shangazi alikuwa hoi kitandani, mwendo mfupi tu kutoka kwa akina kijana. Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti. Kwa hivyo mpwa wangu alihitaji kadi ya kuthibitisha kwamba yeye si wa ng'ambo, ili aruhusiwe kwenda ng'ambo kumjulia hali aliyemlea.

"Mjomba," aliniuliza tulipotoka nje, "kwani mimi ni wa Busia gani?"

Nikampa jibu nililowapa wanafunzi wangu kwa miaka mingi. Nilimwambia kwamba zamani Busia ilikuwa mji mmoja, kisha akaja Mzungu na rula yake, akaupasua katikati. Kijana aliridhika. Mimi sikuridhika. Nilipokaa chini kulipima jibu lenyewe, niligundua kuwa nimekuwa nikisomesha nusu ya ukweli.

Tuanze na ramani. Kenya ina Busia na Uganda ina Busia. Kaskazini ya hapo kidogo, Malaba inatazamana na Malaba. Mpakani na Ethiopia kuna Moyale mbili, na kwenye barabara ya Nairobi kwenda Arusha kuna Namanga mbili. Si kila mji wa mpakani ulio hivyo. Ukivuka kutoka Isebania unaingia Sirari. Ukitoka Lunga Lunga unafika Horohoro, na ukiipa Taveta kisogo unakutana na Holili. Kwa hivyo jina moja pande mbili si sheria ya mipaka. Pale lilipo, lina historia yake.

Historia ya Busia na Malaba inaanzia mbali na mpaka wa leo. Mwisho wa karne ya 19, Uganda ya Waingereza haikuishia mto Sio. Mkoa wake wa Mashariki ulifika hadi Naivasha. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, na ndiyo maana jina "Reli ya Uganda" halikuwa uongo hata kidogo. Kisha tarehe 1 Aprili 1902, mkoa huo ulihamishwa na kutiwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya baadaye. Sababu kubwa ilikuwa kuiweka reli yote chini ya serikali moja. Mstari wenyewe ulielezwa rasmi kwa amri ya kifalme ya mwaka 1926. Unafuata mto Sio, unaushika mto Malaba, kisha unapanda Mlima Elgon.

Hebu tulitafakari hilo, msomaji wangu. Babu wa babu yake mpwa wangu alilala usiku mmoja akiwa chini ya utawala wa Uganda, akaamka yuko chini ya utawala mwingine. Hakufunga mzigo wala kuvuka mto, na ng'ombe wake walibaki katika zizi lile lile. Kilichohama ni mstari. Iwapo karani yeyote angemuuliza "wa wapi wewe?", angetaja ukoo wake.

Watu ndio waliokatwa, basi. Wasamia wako pande zote mbili, na Waiteso pia. Je, mji nao ulikatwa? Hapa ndipo somo langu la darasani lilipopotoka. Mwaka 1902 hapakuwa na mji wa kukatwa. Kulikuwa na maboma, mashamba, mito na vijia. Mji uliletwa na mpaka. Palipo na mstari huhitajika askari wa kuulinda na karani wa forodha. Karani huhitaji chai, dereva huhitaji kitanda, na mwenye shilingi za huku humtafuta mwenye shilingi za kule. Hivyo vibanda huzaa maduka na maduka huzaa mtaa. Tena huwa hivyo pande zote mbili, kwa kuwa kila serikali hutaka askari wake na karani wake. Jina la pahali lilikuwapo, na kila upande ulilichukua, kama ndugu wawili wanaoitwa kwa jina la babu mmoja.

Moyale inalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mapatano ya mpaka kati ya Uingereza na Mfalme Menelik wa Pili wa Ethiopia yalitiwa saini Desemba 1907. Kituo walichojenga Waingereza hapo walikiita Fort Harrington, kwa heshima ya balozi wao mjini Addis Ababa. Leo nani anasema anasafiri kwenda Fort Harrington? Jina la balozi lilikufa kama lilivyokufa Port Florence kule Kisumu, na jina la wenyeji likabaki pande mbili. Mwaka 1940 Waitalia waliiteka Moyale ya Kenya, na mwaka uliofuata wakafukuzwa. Bendera zilipanda na kushuka, Moyale ikabaki Moyale.

Lakini jina kuwa moja hakufanyi maisha kuwa mamoja. Magari ya Kenya hupita kushoto na ya Ethiopia hupita kulia, kwa hivyo anayevuka lazima abadilishe upande. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Mtu anaweza kutembea hatua chache akarudi nyuma miaka hiyo yote bila kupoteza hata mvi moja. Lakini saa zao huhesabiwa kama za Kiswahili: jua likichomoza, siku inaanza, na saa moja ni saa moja. Hapo Mswahili na Mwamhara wanaelewana, huku aliyesoma saa kwa Kiingereza akibaki anapigapiga hesabu za kuongeza na kutoa sita.

Na Namanga? Mstari wake ni wa 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi ya Wamaasai kwa barua za Ulaya, bila Mmaasai hata mmoja kuulizwa. Watu wa pwani na bara wenye umri wangu wanakumbuka jambo la karibu zaidi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka huo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka sita Namanga mbili zilitazamana kama watu wa nyumba moja walionuniana, zikiwa na jina moja na lugha zile zile, Kimaasai na Kiswahili. Ndipo wengi walipojua kwamba mstari wa kwenye ramani unaweza pia kuwa ukuta.

Nimeahidi kila wiki kuzungumzia lugha, nami sijasahau. Miji hii imeifanyia lugha yetu kazi kubwa kuliko tunavyoitambua. Chukua neno bodaboda. Katika miongo iliyofuata uhuru, wenye baiskeli wa Busia na Malaba walikuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Walinadi safari yao kwa neno la Kiingereza la mpaka lililokwisha kuvikwa kanzu ya Kibantu: boda! boda! Kiswahili kilikuwa na neno lake, mpaka, lakini hakuna aliyepanda "mpakampaka". Leo bodaboda ni pikipiki, na inaitwa hivyo Mombasa, Dodoma na Kampala, kwa watu ambao maishani mwao hawajawahi kuuona mpaka wowote. Nchi ikikuuliza Busia imechangia nini katika Kiswahili, jibu linapita barabarani likipiga honi.

Halafu kuna maneno ambayo, kama miji yenyewe, yana jina moja na mambo mawili. Shilingi ni mojawapo. Hadi mwaka 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanza kutoa sarafu zao, shilingi ilikuwa moja. Leo mwenye kubadilisha pesa pale Busia atakuuliza "shilingi gani?" kama karani yule alivyouliza "Busia gani?" Neno jingine ni ndizi. Upande wetu, ndizi ni ndizi yoyote, mbichi au mbivu, ya kupika au ya kula. Ng'ambo, ukiomba ndizi utapewa zile ndogo tamu. Ya kupika ni matooke, na anayedhani ni kitu kimoja atashangaa sahani ikiletwa. Hata Kiswahili chenyewe hubadilisha cheo kikivuka barabara. Katiba yetu ya 2010 inakiita lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Uganda ilirekebisha katiba yake mwaka 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili. Mama muuza samaki aliye katikati hana habari na vyeo hivyo. Anauza.

Labda utaniambia kwamba mpwa wangu ni mtu mmoja, na karani alikuwa akifanya kazi yake. Ni kweli. Serikali ina haki ya kujua raia wake, na karatasi za shule zenye mihuri ya nchi mbili zingemtia shaka karani yeyote mwangalifu. Lakini swali la "gani?" linadhani kwamba kila mtu wa mpakani ana jibu moja, na historia inakataa. Tuchukue akina Awori, ukoo mashuhuri wa Kisamia. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula, kisha makamu wa rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008. Ndugu yake Aggrey Awori aliikimbilia Uganda katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, na mwaka 2001 aliwania urais wa Uganda. Ndugu wawili, katika mataifa mawili, karibu na vilele viwili vya mamlaka. Wangeulizwa "Samia gani?" kila mmoja angekuwa na jibu lake, na majibu yote mawili yangekuwa ya kweli.

Kuna jambo jingine linalofuata tukikubali kwamba miji hii ni watoto wa mpaka. Februari 2018, marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ni jambo jema kwa mwenye mzigo. Lakini mwenye gesti, mama ntilie na kijana wa kubadilisha pesa walikuwa wakiishi kwa lile lori lililolala. Mstari unaowasumbua ndio pia unaowalisha. Tunapoimba kwamba mipaka iondolewe, na mimi ni mmoja wa waimbaji, tukumbuke kuwauliza watu wa Busia zote mbili watakula nini siku hiyo.

Mpwa wangu alipata kitambulisho mwishowe. Kilipofika mikononi mwake, shangazi alikuwa amekwisha kuzikwa. Kijana alihudhuria mazishi. Alivuka kwa bodaboda, kwa njia ambayo sitaieleza gazetini, na huko matangani hakuna aliyemuuliza ni wa Busia gani. Walimuuliza kama amekula.

Nimelibadilisha somo langu tangu siku hiyo. Nawaambia wanafunzi kwamba Mzungu hakuipasua Busia. Aliwapasua watu, na Busia mbili zikaota penye jeraha. Kisha nawauliza maana ya neno mpaka. Wote hujibu kwamba ni pale nchi inapokoma. Nami huwakumbusha kuwa neno hilo lina kazi nyingine wanayoitumia kila siku bila kufikiri: tulitembea mpaka Busia, tukakaa mpaka jioni. Hapo mpaka ni pale mtu anapofika.