Amani na Mbegu ya Muhogo: Habari za Kituo cha Uchunguzi katika Usambara

Historia ya kituo kikubwa cha uchunguzi huandikwa kwa kawaida kwa kufuata wakuu wake: nani alifika, nani aliondoka, na serikali gani ililipa mishahara. Historia ya namna hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kupima kazi iliyofanyika. Kituo cha Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, ni mfano ulio wazi. Kilibadili mabwana zaidi ya mara moja, kikafungwa na kufunguliwa tena, na mwishowe wachunguzi wake wa kilimo wakahamishwa. Hata hivyo muhogo uliozalishwa hapo uliendelea kulisha watu baada ya ofisi hizo kuachwa, tena katika nchi ambazo wachunguzi wenyewe hawakuzifikiria.

Kituo kilianzishwa na Wadachi mwaka 1902, kwa juhudi za Franz Stuhlmann, na kazi ya mimea ikashikwa na Albrecht Zimmermann, ambaye baadaye alikuwa mkuu wake. Shabaha ilikuwa kuyafaidia mashamba ya walowezi: mkonge, kahawa, pamba, mkwinini, na zaidi ya yote mpira. Mpira uliopandwa sana katika nchi ya Tanga haukuwa ule wa Malaya, bali mti wa Ceará kutoka Brazili, ambao wataalamu huuita Manihot glaziovii. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka kwa sababu ya mavuno makubwa ya Asia, na mashamba mengi yakaachwa. Miti ikabaki ikimea ovyo, haina mnunuzi. Mti huo uliodharauliwa utarejea mbele katika habari hizi.

Chakula cha wenyeji hakikuwa shabaha ya kwanza ya Amani, lakini hakikusahauliwa kabisa. Mwaka 1894 Mdachi aitwaye Warburg alikuwa amekwisha kuandika habari za ugonjwa uliokunja majani ya mihogo katika nchi hiyo na kuyatia mabaka ya manjano. Ndio ugonjwa ambao leo wakulima huuita batobato. Mwaka 1906, katika jarida la Der Pflanzer, Zimmermann alitoa rai kwamba ugonjwa huo haukutokana na ukungu wala na udongo mbaya, bali na virusi. Rai hiyo ilikuwa sahihi, lakini njia za kuithibitisha zilikuwa hazijapatikana.

Vita vilipoanza mwaka 1914 na njia za bahari zikafungwa, Amani iligeuka kuwa kiwanda cha kutengeneza dawa ya kwinini, sabuni na vitu vingine vilivyoadimika. Mwaka 1916 Waingereza waliteka Usambara. Miaka iliyofuata ilikuwa ya unyonge: fedha zilikuwa haba, na kazi ikazorota hata ikasimama. Tume ya Ormsby-Gore, iliyotoa taarifa yake mwaka 1925, ilisikitishwa na hali hiyo ikashauri kituo kifufuliwe. Ndipo William Nowell alipoletwa kuwa mkuu, na Amani ikawa kituo cha uchunguzi wa kilimo kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza.

Miongoni mwa waliofika mwaka 1928 walikuwako wawili wanaostahili kutajwa hapa. Wa kwanza ni P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea. Huyu alitambua kwamba mimea ya nchi ilikuwa na majina kabla ya kupewa yale ya Kilatini, akayakusanya na kuyapanga katika kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, kwa istilahi za wataalamu na kwa Kiingereza. Kamusi hiyo ingali msaada kwa wachunguzi wa lugha. Haiwezekani kukusanya majina kama hayo bila wenyeji wenye kuyajua, na kwa hiyo kitabu hicho ni kazi ya vinywa vingi, ijapokuwa jalada lina jina la mtu mmoja.

Wa pili ni H. H. Storey, aliyetoka Afrika ya Kusini baada ya kuonyesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye juu ya majani. Huko Amani alionyesha kwamba si wadudu wote wa jamii hiyo wawezao kuambukiza, na kwamba uwezo huo hurithiwa na watoto kutoka kwa wazazi. Kisha yeye na mwenziwe R. F. W. Nichols waliugeukia muhogo. Mwaka 1938 walieleza kwamba nzi weupe waletao batobato huambukiza majani machanga tu. Mambo haya yalikuwa elimu kubwa, lakini mkulima aliyepanda pingili zenye ugonjwa hakufaidika nayo bado. Alihitaji muhogo usioshindwa.

Walijaribu kwanza mihogo ya asili mbalimbali, wakaona kwamba hata ile iliyokuwa bora haikuwa na nguvu ya kutosha. Ndipo walipoutazama ule mti wa mpira wa Ceará. Mti huo ni wa ukoo mmoja na muhogo, na ulistahimili ugonjwa vizuri. Wakachukua chavua ya mmoja wakaitia katika ua la mwingine, wakapata machotara. Chotara wa kwanza alikuwa na nguvu dhidi ya ugonjwa, lakini mizizi yake haikufaa kuliwa. Ikawa lazima kumzalisha tena na muhogo, na mzao wake tena, hata mara tatu, na kila mara kuchagua miche michache katika mingi. Hivyo mti ulioletwa kwa faida ya walowezi, ukawatia hasara, ukawa kinga ya chakula cha wakulima wadogo.

Kazi hiyo yataka mikono mingi na macho makini. Kufunga maua kabla hayajafunguka, kuhesabu mbegu, kupalilia vitalu, kutazama dalili ya ugonjwa katika kila mche, yote hayo hayakufanywa na wataalamu wawili peke yao. Yalifanywa na Wasambaa, Wabondei na watu waliotoka mbali kutafuta kazi. Lakini habari za watumishi zilizochapwa katika taarifa zilikuwa, kwa sehemu kubwa, habari za Wazungu. Hata mche wa muhogo ulipewa nambari yake katika daftari, aliyeuchavusha hakuandikwa.

Mwaka 1948 uchunguzi wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na baadaye majengo ya Amani yakapewa wachunguzi wa malaria. Kazi ya muhogo haikukatika mara moja, kwani D. L. Jennings aliiendeleza tangu mwaka 1951 hadi ilipokoma mwaka 1957. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mbegu za chotara nambari 5318/34 zilikuwa zimepelekwa Ibadan, Nigeria. Kutokana nazo ulipatikana muhogo nambari 58308. Huo ndio uliotumiwa na Sang Ki Hahn, katika taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyoko Ibadan, kuzalisha mihogo iliyoenea Afrika, mmojawapo TMS 30572.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyo na kifani ilizuka Uganda, ikafagia mashamba na kuleta njaa. Mihogo iliyookoa hali ilitoka Ibadan, na TMS 30572 ikapewa huko jina la Migyera. Damu ya Amani ilikuwa imerudi Afrika ya Mashariki kwa njia ya Nigeria.

Ugonjwa wa pili, yaani michirizi ya kahawia, ambao Storey aliueleza mwaka 1936, ulianza kuenea Uganda tangu mwaka 2004, na mihogo iliyoshinda batobato haikuuweza. Wachunguzi walipotafuta chenye nguvu walikuta muhogo mmoja katika mashamba ya pwani: Kenya ukiitwa Kaleso, na Tanzania ya kusini Namikonga. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hayo ni majina mawili ya mmea mmoja, nao ni chotara wa Amani, nambari 46106/27.

Muhogo huo haukuhifadhiwa na kituo, ambacho kilikuwa kimekwisha kuacha kazi hiyo. Ulihifadhiwa na wakulima, waliokata pingili mwaka baada ya mwaka na kuupa jina la lugha yao. Wao pia, kama wale waliofunga maua Amani, hawamo katika daftari. Mwenye kuandika historia ya kituo hicho hana budi kuliweka jina la shambani kando ya nambari ya maabara, kwa maana nambari yaeleza muhogo ulikozaliwa, na jina laeleza ni nani waliouweka hai.