Picha Bila Sauti: Habari za Deki za DVD Kilimanjaro

Ni ada ya Wachagga wengi wakaao mbali kurudi nyumbani kila Disemba. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21, magari yaliyopanda kutoka Moshi kwenda Machame, Kibosho na Marangu yalichukua, pamoja na mchele na vitenge, deki za DVD zilizonunuliwa Kariakoo. Deki ikawekwa sebuleni, watoto wakakusanyika, diski ikazunguka, picha ikatokea na midomo ya watu ikacheza; lakini pengine sauti haikusikika. Lawama ya kwanza iliangukia waya, ya pili spika, ya tatu muuzaji. Aghalabu wote watatu hawakuwa na kosa.

Adha ya namna hii ina asili ya zamani. Sahani za santuri za mizunguko 78 zilipofuatwa na zile za 33 mwaka 1948, na za 45 mwaka 1949, mwenye kinanda cha zamani aliyeweka sahani mpya alisikia sauti ya kasuku mwenye haraka. Alisikia kitu, walakini, na sikio lake likamwambia kosa liko wapi. Kaseti ya Philips ya mwaka 1963 ilikuja na faraja: kampuni hiyo iliwaruhusu wengine waitengeneze bila ada, na kaseti iliyorekodiwa popote ikaimba popote. Kizazi kizima kilizoea hivyo, kikadhani kila chombo kitakuwa hivyo milele.

DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, haikuwa hivyo. Katika diski moja sauti yaweza kuandikwa kwa namna kadha wa kadha: PCM, Dolby Digital, au DTS. Mtu ajuaye herufi za Kirumi tu akipewa waraka wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, lugha ni yake ila hati si yake. Atautazama waraka kimya. Ndivyo ilivyo deki mbele ya sauti isiyofundishwa kuisoma. Kanuni ziliitaka kila deki ijue PCM na Dolby Digital. DTS iliachwa iwe hiari, nayo ilikuwa na ada yake. Watengenezaji wa deki za bei rahisi wakaiacha. Ububu ule, basi, haukuwa ugonjwa wa chombo, bali matokeo ya hesabu za fedha zilizopigwa mbali sana na Kilimanjaro.

Mafundi wa Moshi, waliokuwa stadi wa redio, hawakupewa muda mrefu wa kujifunza. Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya 1970, ilhali Bara ilingoja hadi 1994, mwaka ambao pia ITV ya Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, ilianza kurusha matangazo. Koleo na risasi ya kulehemu havikufaa kitu hapa. Diski halali yenye DTS ina pia sauti ya pili ambayo deki huijua, na dawa yake ni kubonyeza kitufe cha AUDIO katika rimoti. Pale deki ilipounganishwa na amplifaya kwa waya wa kidijitali, dawa ilikuwa kuingia SETUP na kubadili RAW kuwa PCM. Faili za flashi zilisumbua zaidi, kwa kuwa sauti ya namna ya AAC deki nyingi hazikuijua kabisa. Hapo ilihitajika kompyuta, na programu kama FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, iwezayo kuiandika sauti upya pasipo kuigusa picha.

Filamu ya Marekani ikiwa bubu, hasara si kubwa. Wapo hata waliofurahia zaidi kujitungia maneno. Diski za harusi, kipaimara na mazishi ndizo zenye uchungu. Wapiga picha wa video walitia ndani yake nyimbo zilizotolewa katika CD, ambamo sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, ilhali DVD hudai mara 48,000. Asiyeligeuza hilo alitoa diski ambayo deki moja iliikubali na nyingine ikaikataa. Humo ndani pengine mna babu anayewabariki maharusi kwa Kimachame au Kivunjo, naye amekwisha fariki, na wajukuu waliokulia mjini hawana mahali pengine pa kuisikia sauti yake. Diski ya namna hiyo ikitupwa kwa kudhaniwa imekufa, kinachotupwa ni sauti nzima isiyo na dosari.

Hataza za Dolby Digital na MP3 zimekwisha muda wake tangu 2017, lakini deki zilizokwisha kuuzwa hazikujifunza neno jipya kwa sababu hiyo. Wakati huohuo diski zilizochomwa majumbani zina tabaka la rangi ambalo huchakaa kwa joto, mwanga na unyevu, na unyevu mlimani haukosekani. Fundi mwenye kompyuta aweza kuisoma diski hiyo ingali nzima, akaitoa sauti, akaiandika kwa PCM ya 48,000, akaijaribu katika deki ileile iliyoikataa. Nakala moja yaweza kubaki nyumbani mgombani, na nyingine ikashuka Dar es Salaam na wenyewe mwezi wa Januari.