Nyumba ya Vyumba Sita

Ukarimu wa uswahilini husimuliwa kana kwamba watu wa Temeke na Magomeni walizaliwa nao. Sibishi kwamba wana roho nzuri, ila nyumba yao nayo imechangia, na haijapewa haki yake.

Waingereza waliigawa Dar es Salaam kwa rangi: Wazungu Uzunguni, Wahindi Uhindini, na Waafrika Kariakoo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Kariakoo ilifurika, na viwanja vya Waafrika vikapimwa Magomeni na Temeke. Wazaramo, Wandengereko wa Rufiji, Wamatumbi wa Kilwa na watu wa bara wakajenga nyumba ya aina moja, mwanzo ya fito, udongo na makuti, baadaye ya matofali na bati. Korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Mbele baraza, nyuma uani penye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alikaa humo humo, vyumba vingine akapangisha.

Uani hakuna siri. Jiko la mkaa ambalo halijawashwa mpaka alasiri huonekana, na jirani humtuma mtoto na bakuli lililofunikwa, bila neno, kwa sababu neno lingeaibisha. Ugomvi nao upo: zamu ya kufagia, ndoo ya maji, nani hajachangia umeme wa LUKU. Hata hivyo, msiba ukitokea waliorushiana maneno asubuhi ndio wanaofunga turubai na kukoroga pilau, na mpangaji ambaye ndugu zake wako Songea hupata watu wa kumzika. Chama cha TANU kilipoweka mabalozi wa nyumba kumi miaka ya 1960, naamini kiliukuta utaratibu huu tayari ukifanya kazi.

Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu 272,821. Kufikia mwaka 1978 walikuwa wameongezeka zaidi ya maradufu. Hakuna serikali ambayo ingewajengea wote kwa kasi hiyo. Wengi walipokewa na shangazi, binamu, au mtu wa kijiji kimoja, wakatandikiwa mkeka koridoni hadi wapate kibarua na chumba chao. Jiji hili lina deni kubwa kwa korido zile.

Siku hizi ghorofa zinachukua nafasi. Wakaazi wa Magomeni Kota, kaya 644, walibomolewa nyumba zao mwanzoni mwa muongo uliopita wakatawanyika mitaa mbalimbali. Pamoja na hayo, waliendelea kudai makazi yao kwa sauti moja. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza wajengewe upya, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yao. Nilifurahi sana kwa ajili yao. Lakini wachoraji wa ramani wanaoandaa majengo yajayo ya Temeke na Kinondoni waende kwanza wakawaulize akina mama wa Magomeni Kota: turubai la msiba linafungwa wapi sasa, na sufuria la pilau linatelekwa wapi?