Maji, Makaa na Daftari la Joel Lean

Hadithi ya James Watt na birika linalochemka imesimuliwa mno hata ikawafunika watu waliofanya kazi yenyewe. Watt hakuvumbua injini ya mvuke. Alipozaliwa mwaka 1736, injini za Thomas Newcomen, muuza vyuma wa mji wa Dartmouth, zilikuwa na zaidi ya miaka 20 zikivuta maji migodini, tangu ile iliyosimikwa mwaka 1712 karibu na ngome ya Dudley huko Uingereza. Mhandisi mitambo kwa maana tunayoijua leo, yaani mtu anayelipwa ili mashine ifanye kazi kubwa kwa gharama ndogo na kuthibitisha kwa hesabu kwamba imeifanya, alitoka mgodini kabla ya kuonekana reli. Nami naongeza dai la pili, ambalo ndilo zito: kilichomkomaza mhandisi huyo si kipaji cha mtu mmoja, bali ni desturi ya kuanika hadharani hesabu za mashine. Desturi hiyo ilishika mizizi mwaka 1811 Cornwall, rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza iliyojaa shaba na bati.

Adui wa mchimbaji ni maji. Wachimbaji wa Mererani, Tanzania, hawahitaji kuelezwa hilo baada ya mafuriko ya 1998 na 2008. Georgius Agricola, katika kitabu chake kikubwa kuhusu madini kilichotoka mwaka 1556, alichora pampu za kila namna zilizozungushwa na farasi, na watu, na magurudumu ya maji, na ukizitazama picha zile unaona wazi kwamba kina cha shimo kiliamuliwa na nguvu ya kuvuta maji kuliko utajiri wa mwamba. Injini ya Newcomen ilivunja kizuizi hicho kwa njia ya ajabu kidogo. Mvuke hujazwa ndani ya silinda, kisha hunyunyiziwa maji baridi ili ugeuke maji na kuacha utupu, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma pistoni chini na kuinua fito za pampu upande wa pili wa boriti. Kasoro yake ilikuwa ulafi. Silinda ile ile ilipashwa moto na kupozwa kila mpigo, na makaa yakateketea bure. Kwenye migodi ya makaa ya mawe hakuna aliyejali, maana boila ililishwa chenga zisizouzika. Cornwall haina makaa. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales ya Kusini, na kila kikapu kilichoingia tanuruni kilikuwa fedha ya wanahisa.

Hapo ndipo Watt alipopata soko. Kondensa yake, yaani chombo cha kuupoza mvuke kilichotengwa na silinda, aliyoipatia hataza mwaka 1769, iliokoa makaa mengi, na tangu mwaka 1777 injini zake zikaanza kusimama Cornwall. Yeye na mshirika wake Matthew Boulton hawakuuza mashine tu. Walidai theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa ikilinganishwa na injini ya zamani, na kwa kuwa hakuna mgodi ambao ungekubali kutozwa kwa kukisia, mapigo ya injini yalihesabiwa na kihesabio kilichofungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli. Nakiri kwamba kisanduku hicho kinanivutia kuliko kondensa yenyewe: kwa mara ya kwanza kazi ya mashine iligeuzwa kuwa tarakimu ambayo pande mbili zisizoaminiana zililazimika kuikubali. Lakini tarakimu hiyo ilikuwa siri ya mdai na mdaiwa. Na hataza, ambayo Bunge liliirefusha hadi mwaka 1800, iliwafunga mikono mafundi wengine. Jonathan Hornblower aliyetumia silinda mbili, na Edward Bull aliyegeuza silinda juu chini, wote walizuiwa na hataza hiyo.

Mtetezi wa hataza atasema kwamba bila ulinzi ule Boulton asingethubutu kumwaga mtaji wake, na kondensa ingebaki kwenye karakana. Hilo nalikubali. Pia ni kweli kwamba hataza ilipokwisha injini za Cornwall hazikupaa: mafundi wa Boulton na Watt waliondoka, usimamizi ukalegea, na kwa takribani miaka kumi ufanisi ulidorora. Kwa hiyo uhuru wa kunakili peke yake haukutosha. Ila ukweli huo huo unaonyesha kilichokuwa kimekosekana. Mwaka 1811 wenye migodi walimpa Joel Lean, msimamizi mzoefu wa migodi, kazi ya kupima injini zao na kuchapisha matokeo kila mwezi, na alipofariki mwaka uliofuata wanawe wakaendeleza. Ripoti ilitaja mgodi, jina la mhandisi, ukubwa wa silinda, urefu wa mpigo, idadi ya mapigo, kina cha maji na makaa yaliyochomwa. Mwisho ilitoa tarakimu moja: pauni ngapi za maji zimeinuliwa futi moja kwa kila busheli ya makaa.

Mhandisi mmoja aliweza kuhudumia migodi kadhaa, na mwenye mgodi aliyetaka kumwajiri alianza na ripoti. Vivyo hivyo mhandisi aliyezidiwa na mwenzake: alijua aende kuangalia injini ipi, na kwa nini. Mwanzoni wastani ulikuwa karibu pauni milioni 17. Kufikia miaka ya 1840 ulikuwa umepita milioni 60, kwa makaa yale yale. Richard Trevithick, mzaliwa wa huko huko, alisimika injini ya mvuke wa kani kubwa kwenye mgodi wa Wheal Prosper mwaka 1812: mvuke uliingizwa kwa nguvu, ukakatwa mapema, ukaachwa utanuke na kumalizia mpigo wenyewe. Hakuikatia hataza injini hiyo. Watt alikuwa amepinga kani kubwa kwa hoja ya usalama, na boila ya Trevithick ilipolipuka Greenwich mwaka 1803 na kuua watu wanne, hoja ilipata nguvu. Jibu la Trevithick lilikuwa la kihandisi kabisa, nalo ni kufunga vali ya pili ya usalama na kuziba tundu la boila kwa risasi, ambayo huyeyuka maji yakipungua kupita kiasi. Baadaye Samuel Grose alifunika silinda, boila na mabomba ya mvuke ili joto lisipotee. Hakuna ubunifu wa kutisha hapo; ni kazi ya mtu anayesoma jedwali na kujiuliza joto linapotelea wapi. Mwaka 1828 injini yake ya Wheal Towan ilifikisha milioni 87.

Wapo watakaosema kwamba bei ya makaa inatosha kueleza haya yote na daftari lilikuwa pambo tu. Bei ilikuwa sharti, ndiyo, na ndiyo maana migodi ya makaa ya Newcastle iliendelea kuchoma chenga zake bila haraka. Lakini makaa yalikuwa ghali Cornwall kwa karne nzima kabla ya Lean, na hata katika ule mwongo wa kudorora hayakushuka kuwa bure. Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwamba tarakimu zilipambwa. Hesabu ilitumia ujazo wa pampu na mapigo, si maji yaliyotoka kweli, hivyo pampu inayovuja ilihesabiwa kama nzima. Waingereza wa sehemu nyingine walidhihaki waziwazi. Injini iliyojengwa na William West kwenye migodi ya Fowey Consols iliporipotiwa kufikisha milioni 125 mwaka 1835, jaribio lilirudiwa mbele ya mashahidi, na miaka michache baadaye mhandisi Thomas Wicksteed alisimika injini ya Cornwall kwenye kampuni ya maji ya London na kuridhika nayo. Kubishiwa kwenyewe ni sehemu ya hoja yangu: hesabu iliyofichwa haiwezi kubishiwa.

Kasoro halisi ya daftari iko kwingine, nayo ni kwamba lilipima makaa peke yake. Mvuke uliokatwa mapema mno uliipiga boriti na fito kishindo cha ghafla, vyuma vikavunjika, na baada ya miaka ya 1840 wenye migodi wengi waliacha kufukuza rekodi. Vyuma vya kusubu havionyi kabla ya kukatika. Tarehe 16 Januari 1862, kwenye mgodi wa makaa wa Hartley kaskazini mwa Uingereza, boriti ya injini ya pampu yenye uzito wa zaidi ya tani 40 ilikatika katikati, na nusu yake ikaporomoka ndani ya shimo pekee la kuingilia na kutokea. Watu 204, wanaume na wavulana, walikufa chini. Mwaka huo huo sheria ilipitishwa kudai njia mbili za kutokea. Shimo la pili haliinui pauni hata moja ya maji kwa busheli ya makaa, na daftari la Lean halikuwa na safu ya kuliandikia.

Cornwall yenyewe ilikuwa imesimika mwaka 1842, kwenye mgodi wa Tresavean, mashine ya kuwapandisha na kuwashusha watu ili wasiendelee kumalizwa na ngazi: fito ndefu zenye vibao vya kukanyagia, zikipanda na kushuka kwa nguvu ya injini, mchimbaji akihama kibao hadi kibao. Ilikuwa kazi nzuri ya uhandisi na iliokoa mapafu ya wengi. Mgodi wa Levant, huko huko Cornwall, ulikuwa nayo pia, na ilikuwa imefanya kazi miongo kadhaa pale tarehe 20 Oktoba 1919 kiungo cha chuma kilichoshika fito na boriti kilipokatika juu kabisa, zamu ikiwa inapanda. Watu 31 walikufa. Mashine haikurudishwa, sehemu za chini kabisa za mgodi ziliachwa zijae maji, na mwaka 1930 Levant ukafungwa.