Madini adimu: kutoka kwenye karabai hadi kwenye ndege

Juzi hapa Samuye dogo mmoja kaniuliza: "Kaka, hayo madini adimu ya kazi gani, si dhahabu inatosha?" Najibu kwa kifupi.

Madini adimu ni elementi 17, zikiwemo seriamu, itriamu na neodimiamu. Jina lisikutishe, mengine wala si adimu kivile. Kazi ipo kwenye kuyatenganisha. Yakiungana na oksijeni unapata unga, na unga huo ukichomwa kwa joto kali unakuwa kauri.

Mfano tunao nyumbani. Kile kisoksi cheupe cha karabai kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria. Mchanganyiko wake wa mwaka 1891 ni oksaidi ya thoriamu asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1. Ukikiwasha mara ya kwanza uzi unaungua, inabaki kauri tupu, ndo maana ukikigusa tu kinavunjika. Ila angalieni: thoriamu ina mionzi. Vingi vya siku hizi vimewekwa itriamu, lakini cha zamani kikipasuka usivute vumbi lake wala usiwaachie watoto wachezee.

Sasa njoo kwenye injini. Kauri ya zikoniamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,700 hivi, ila ikipashwa na kupoa inabadili umbo la ndani na kupasuka. Ukiitia itriamu inatulia. Hiyo ndiyo inapakwa kwenye mapanga ya injini za ndege yasiharibiwe na joto, na ndiyo inayopima oksijeni kwenye moshi wa gari la petroli.

Na kwetu je? Yapo Ngualla, mkoani Songwe. Mwaka 2023 Serikali iliipa leseni Mamba Minerals, ambayo ina hisa zake asilimia 16. Mwaka huohuo Peak ya Australia, yenye mradi wakati huo, ilikubaliana kuiuzia Shenghe ya China makinikia.

Makinikia! Neno hilo watu wa Shinyanga tunalijua. Machi 2017 Serikali ilizuia makontena ya Bulyanhulu na Buzwagi yasitoke. Hela kubwa iko kwenye kutenganisha na kutengeneza kauri yenyewe, si kwenye mchanga. Kwa hiyo dogo unayesoma PCM, kemia usiikimbie.

Na ukiletewa jiwe mtaani ukaambiwa ni madini adimu, usitoe hela kabla ya kulipima maabara. Mwenye la kuongeza, uwanja ni wako.