Kibao cha Zamani na Kibao cha Leo

Huku kwetu Tongaren fedha ya mwaka mzima hutoka katika mahindi. Mtu hupanda mvua zinapoanza, hupalilia, hungoja, na mwaka ukielekea kwisha huvuna, hupukuchua na kuuza magunia yake. Fedha hiyo ikitumiwa vibaya hairudi mpaka mavuno mengine. Ndiyo sababu swali aliloniletea jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, halikuwa swali dogo. Nyumbani kwake palikuwa na simu moja ya kisasa. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa chuoni, alikuwa na kipakatalishi, yaani laptopu. Sasa yule mdogo, mwanafunzi wa sekondari, aliomba anunuliwe kishikwambi, ile kompyuta bapa ambayo wengi wetu huiita tableti. "Mwalimu," akaniambia, "magunia ninayo, lakini na karo ipo. Kitu hiki ni cha lazima, ama ni pambo tu?"

Sikumjibu siku ile. Mwalimu wa historia akiulizwa habari ya kesho hupenda kwanza kutazama jana, nami nilifanya hivyo. Niliyoyaona nataka kuwasimulia ninyi vijana, kwa sababu swali hili litawafikia nyote.

Kwanza tujue ya kuwa kibao si kitu kigeni katika elimu yetu. Huko pwani, kwa vizazi vingi, mtoto wa chuo cha Kurani aliandika somo lake juu ya ubao kwa wino, akalisoma mpaka akalihifadhi, kisha ubao ukaoshwa ili upokee somo jingine. Shule za wamisheni zilipoingia magharibi ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, wanafunzi waliandika juu ya vibao vya jiwe jeusi, wakafuta na kuandika tena. Kibao cha jiwe kilikuwa na sifa mbili. Kilidumu kuliko karatasi, na kila mtu alijua ni cha kazi gani. Lakini kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: somo la leo lilifuta somo la jana. Basi daftari lilipopatikana kwa bei nafuu, kibao kiliondoka shuleni, wala hakuna aliyekililia. Chombo hudumu maadamu kazi yake haijapata chombo kingine cha kuifanya vizuri zaidi.

Kibao cha leo kina historia yake pia. Katika mwaka wa 1972 mtaalamu wa Marekani aitwaye Alan Kay aliandika juu ya kompyuta ndogo bapa ambayo mtoto angeweza kuichukua mkononi kama kitabu. Ufundi wa wakati ule haukuweza kuitengeneza. Miaka mingi ilipita, na majaribio kadhaa hayakuwavutia wanunuzi wengi. Kisha mwezi wa Januari 2010, mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alionyesha kishikwambi kiitwacho iPad. Kabla ya kukionyesha aliuliza swali lile lile la jirani yangu: je, kati ya simu na kipakatalishi ipo nafasi ya chombo cha tatu? Akasema kwamba chombo hicho hakiwezi kuwa na haki ya kuwapo isipokuwa kiyashinde yale mawili mengine katika kazi fulani muhimu. Neno hilo ni la muuzaji, lakini ni kipimo cha haki, na mnunuzi naye hana budi kukitumia.

Dunia ilikinunua kishikwambi kwa pupa. Hata hivyo, baada ya mwaka wa 2014 mauzo yake yalianza kushuka. Simu zilikuwa zimepanuka vioo, na vipakatalishi vimekuwa vyepesi. Nafasi ile ya katikati ilibanwa pande zote mbili. Kwetu Kenya, simu ilikuwa imekwisha kupata kazi kubwa tangu Machi 2007, M-Pesa ilipoanza. Mkulima akaweza kupokea malipo ya mahindi yake pasipo kwenda benki ya Kitale wala Bungoma. Kwa hiyo kishikwambi kilipofika kijijini kilimkuta mwenyeji ambaye watu walikuwa wamemzoea tayari.

Sasa tutazame jinsi Serikali yetu yenyewe ilivyonunua. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za umma. Shule nyingi za msingi wakati ule hazikuwa na umeme. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa mwaka wa 2014, na mpango ulipofufuliwa, kipakatalishi cha mtoto kikawa kishikwambi. Kazi ya kuviunda ilipewa Chuo Kikuu cha Moi, kilicho karibu na Eldoret, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kila kimoja kikishirikiana na kampuni ya kigeni. Majaribio yalifanywa mwaka wa 2016 katika shule 150, na baada ya miaka michache vyombo zaidi ya milioni moja vilikuwa vimegawanywa katika shule zaidi ya 20,000. Pamoja na vishikwambi vya watoto, shule ilipewa vipakatalishi vya walimu na projekta. Tusiidharau kazi hiyo, kwani kwa ajili yake nguzo za umeme na mitambo ya jua vilifika katika shule ambazo zingengoja miaka mingi.

Lakini kufikisha chombo si kufikisha elimu. Kazi yangu ni kuwafunza walimu, na kila mwaka huwatembelea wanachuo wetu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja nilionyeshwa kabati lenye kufuli mbili. Ndani mlikuwa na vishikwambi vimepangwa vizuri, nyaya zake zingali zimefungwa kwa utepe, na vumbi juu yake. Mwalimu aliyefunzwa kuvitumia alikuwa amehamishwa, na waliobaki waliogopa kwamba kimoja kikivunjika wataulizwa. Corona ilipofunga shule mwezi wa Machi 2020, watoto wa kijiji kile walisoma kwa redio, au kwa simu ya mzazi pale ilipokuwapo, na vibao vya shule vikabaki kabatini.

Katika shule nyingine, isiyo mbali na ile, nilimkuta mwanachuo wetu ana vishikwambi kumi vinavyofanya kazi na watoto arobaini. Aliwaketisha wanne wanne. Mmoja alisoma hadithi kwa sauti, wa pili alifuata maneno kwa kidole, wa tatu na wa nne walijibu maswali, kisha wakabadilishana. Kipindi kilipokwisha watoto hawakutaka kuondoka. Vibao vilikuwa vya namna moja na vya kabati lile. Tofauti ilikuwa moja tu: huku mtu alijua kazi ya kila dakika.

Mfano mwingine wautia nguvu huu. Sensa ya Kenya ya mwaka wa 2009 iliandikwa katika karatasi, na matokeo yake yakatangazwa tarehe 31 Agosti 2010, yaani baada ya mwaka mzima na siku kadhaa. Sensa ya mwaka wa 2019 ilifanywa kwa vishikwambi. Makarani walianza kazi usiku wa tarehe 24 Agosti, wakapita nyumba kwa nyumba, na tarehe 4 Novemba mwaka ule ule tukaambiwa kuwa tu watu 47,564,296. Haraka hiyo haikuondoa ubishi, maana matokeo ya baadhi ya sehemu yalipelekwa mahakamani. Lakini katika kukusanya hesabu kishikwambi kilitimiza kazi yake. Karani husimama mlangoni mwa watu kutwa. Kipakatalishi kingemchosha mikono, na kioo cha simu kingekuwa chembamba kwa maswali mengi namna ile. Hapo nafasi ya katikati ilikuwa nafasi ya kweli. Jirani zetu wa Tanzania walifanya vivyo hivyo katika sensa yao ya Agosti 2022, na baada ya kuhesabu watu waliwagawia walimu vishikwambi vile, ili kazi moja ikiisha nyingine ianze.

Nilipokwisha kuyapima hayo, nilikumbuka habari za mashamba yetu wenyewe. Ardhi ya Tongaren ilikuwa ya walowezi wa Kizungu, na karibu na uhuru wa mwaka wa 1963 na baada yake iligawanywa kwa wakulima Waafrika. Matrekta walikuwa wameyaona katika mashamba ya walowezi. Lakini mwenye ekari chache hakununua trekta. Aliajiri la mwingine siku ya kulima, akatumia ng'ombe kwa plau, na jembe likabaki mlangoni kwa palizi. Aliyelazimisha kuwa na vyote vitatu aghalabu alivilipia kwa kuuza sehemu ya shamba ambalo vyombo hivyo vilikusudiwa kulilima.

Basi nilikwenda kwa yule mama nikamwambia hivi: "Mama, simu yako ni jembe, haiachi mkono wako. Kipakatalishi cha mwanao ni plau; kitaandika insha ndefu, kitapiga hesabu, kitamfaa chuoni na baadaye kazini. Kishikwambi ni kizuri. Ni chepesi, huchukua vitabu vingi, humpumzisha macho msomaji aliyechoka na kioo cha simu, nacho hukaa na moto muda mrefu umeme unapokatika. Kama nyumba yako isingekuwa na kipakatalishi, au kama kijana angekuwa mchoraji, ningekwambia tukifikirie. Lakini muulize: ni kazi gani atakayoifanya kwa kishikwambi kila juma, ambayo simu na kipakatalishi cha kaka yake haviwezi? Akiitaja, tutahesabu magunia. Asipoitaja, lipa karo."

Yule mama alimwita mwanawe mbele yangu akamwuliza. Kijana alifikiri kwa muda, akasema kwa uaminifu kwamba wenzake wawili wanavyo. Tulicheka sote watatu, naye akacheka zaidi yetu. Karo ililipwa. Likizo iliyofuata kaka mtu alikuja nyumbani na kipakatalishi chake, wakapanga zamu: mkubwa mchana, mdogo jioni baada ya ng'ombe kukamuliwa.

Nanyi vijana mtakuwa wanunuzi kesho: wa nyumba zenu, wa shule, na wengine wa taifa. Kila mwaka mtaonyeshwa chombo kipya, na mtaambiwa kwamba asiyekuwa nacho ameachwa nyuma. Msikikatae kwa kuwa ni kipya, wala msikipokee kwa kuwa ni kipya. Tajeni kwanza kazi, kisha mtu atakayeifanya, kisha fedha. Kabati lile lenye kufuli mbili lilianza na fedha, na mpaka siku nilipolitazama lilikuwa bado likimngoja mtu.